Unyofu wa Mwili katika Kazi za Kila Siku

Miongoni mwa neema ambazo binadamu hupewa bila ya kuziomba, na ambazo aghalabu hazikumbuki mpaka zimwondokee, mgongo wenye siha ni mojawapo. Kwani mwenye nao huamka alfajiri, akateka maji, akafagia uwanja, akabeba kapu la sokoni, akakaa barazani kwa mazungumzo hata usiku, wala asipitiwe na wazo hata moja kwamba yote hayo ameyatenda kwa fadhila ya mifupa midogo iliyopangwa mmoja juu ya mwenziwe na kushikwa na misuli na kano asizozijua hata kwa majina. Siku maumivu yakiingia kiunoni, ndipo kuvaa viatu kunapokuwa taklifu, na kugeuka kitandani kunapokuwa jambo la kufikiriwa kwanza. Siku hiyo watu huuliza dawa, na dawa huuzwa nyingi. Makusudi ya makala haya ni kuzungumza na msomaji kabla ya siku hiyo, na hata baada yake ikiwa imekwisha kumfikia, juu ya jambo lisilouzwa dukani, nalo ni namna tunavyosimama, tunavyokaa, tunavyoinama na tunavyobeba, tangu kunapokucha mpaka tunapolala.

Wengi wetu tulilelewa kwa amri fupi za wazee na walimu: simama wima, kaa sawa, acha kujikunja. Amri hizo zilitolewa kwa mapenzi, wala si batili, lakini zina upungufu mmoja mkubwa, kwamba humtaka mtoto atende jambo bila ya kumwondolea sababu iliyomfanya asilitende. Mtoto aliyekalishwa katika dawati lisilolingana na kimo chake, kisha akaamrishwa kukaa sawa, hujikaza kwa dakika chache, kifua mbele na mabega nyuma, mpaka misuli ichoke, kisha hurejea alivyokuwa na kuhesabiwa kuwa mkaidi. Mtu mzima naye hali yake ndiyo hiyo. Karani aliyejikunja juu ya daftari na mama aliyejikunja juu ya beseni la nguo hawakukosa adabu ya mwili. Wamewekewa kazi mahali ambapo mwili hauifikii ila kwa kujikunja. Rai yangu, ambayo makala yote haya yanaitegemea, ni kwamba anayetaka mwili mnyofu aanze kwa kuiinua kazi iufuate mwili, wala asiushushe mwili uifuate kazi. Na akisha kufanya hivyo, asiukawize mwili katika hali moja, hata hali hiyo ingekuwa njema namna gani.

Ili rai hiyo ieleweke, yafaa kwanza tujue uti wa mgongo ulivyo. Pingili zake ni 33: 7 za shingo, 12 za kifua ambazo mbavu zimeshikizwa kwazo, 5 za kiuno ambazo ni nene kuliko zote kwa kuwa ndizo zichukuazo uzito mkubwa, kisha 5 zilizoungana zikawa mfupa mmoja baina ya nyonga, na mwisho zile ndogo za kifandugu, ambazo kwa kawaida ni 4. Ukimtazama mtu kwa ubavuni utaona kwamba uti huo haukunyoka. Shingoni umebonyea kwa ndani, kifuani umetokeza kwa nyuma, na kiunoni umebonyea tena kwa ndani, na matao hayo matatu ndiyo yanayouwezesha kupokea kishindo cha hatua na uzito wa mzigo bila ya kudhurika. Mwenye mkao mwema, basi, ni yule ambaye matao yake hayakufutwa kwa kujikunja wala hayakuzidishwa kwa kujibenua. Misuli ya tumbo, ya mgongo na ya nyonga huzishika pingili kwa pande zote kama kamba zinavyoushika mlingoti wa jahazi, na kamba za upande mmoja zikilegea, za upande wa pili hazina budi kukazwa kupita kiasi. Ndiyo maana mara nyingi anayelalamika kiuno huambiwa na watabibu wa viungo afanyie mazoezi tumbo lake.

Baina ya pingili na pingili, kutoka shingoni hadi mwisho wa kiuno, pana gegedu laini lenye maji mengi ndani yake. Gegedu hilo kwa mtu mzima halina takriban mishipa ya damu ya kulilisha. Riziki yake huipata kwa majimaji yanayotoka likigandamizwa na kuingia likiachiwa. Mchana kutwa, tukiwa wima, hupoteza sehemu ya maji yake, hata mtu huwa mfupi jioni kwa sentimita 1 au zaidi kidogo kuliko alivyokuwa asubuhi, na usiku akilala hurejea kimo chake. Katika jambo hili mna hoja kubwa kuliko zote nitakazozitoa. Gegedu lisilogandamizwa na kuachiwa kwa zamu hukosa chakula chake, na kwa hiyo kukaa kimya saa nyingi, hata katika kiti cha thamani kilichosifiwa na muuzaji, ni kuunyima mgongo riziki. Wataalamu wa zama hizi hawakubaliani tena kwamba uko mkao mmoja ulio bora kwa watu wote. Wengi wao husema kwamba mkao ulio bora ni ule utakaoufuata huu ulio nao sasa.

Msomaji akitaka kujua mwili wake ulivyo, na asimame akiupa ukuta mgongo, visigino vikiwa mbele ya ukuta kwa upana wa vidole vinne hivi, makalio na mabega yakiugusa. Kisha atazame mbele bila ya kuinua kidevu, aone kama kisogo kinafika ukutani bila ya kulazimishwa, na apitishe kiganja baina ya kiuno na ukuta. Kiganja kikipita kwa wepesi wa wastani, vema. Ikipita ngumi nzima, kiuno kimebenuka kupita kiasi. Na kisogo kikikataa kufika, shingo imezoea kutangulia mbele ya mwili. Asifadhaike kwa atakayoyaona, kwani miili haikuumbwa kwa kalibu moja, na wako watu wenye migongo ya namna zote ambao hawajui maumivu. Kipimo hiki ni cha kumwonesha pa kuanzia.

Sasa tuingie jikoni, kwa maana katika nyumba za kwetu hakuna mahali ambapo migongo huharibiwa kwa wingi kama pale, na hakuna mahali ambapo madhara hayo hupuuzwa zaidi, kwa kuwa wanaoyapata ni mama zetu, dada zetu na wake zetu, nao wamefundishwa kuvumilia. Fikiri kazi za asubuhi moja: ufagio wa chelewa, ambao hauna mpini na kwa hiyo humtaka mwenye kufagia atembee uwanja mzima akiwa amekunjika, vyombo vya jana vinavyooshwa chini, nguo zinazofuliwa katika beseni lililowekwa sakafuni, mchele unaochambuliwa katika ungo uliopakatwa, nazi zinazokunwa juu ya mbuzi, kiti ambacho urefu wake haufiki nusu ya goti, na chungu kilicho juu ya mafiga, kinachofunuliwa na kukorogwa mara nyingi. Hapana hata moja katika kazi hizo iliyo nzito. Mashaka yake yanatokana na kuwa zote zinatendeka chini, na mwili uliokunjika kwa saa tatu huchoka kuliko uliobeba mzigo kwa nusu saa.

Dawa yake si ghali. Chelewa zifungwe katika mti mrefu unaofika kifuani, na ua utafagiliwa kwa kusimama. Beseni liwekwe juu ya meza ya mbao au juu ya matofali yaliyopangwa, mpaka ukingo wake ufike chini kidogo ya kiwiko cha mwenye kufua akiwa amesimama; hicho ndicho kimo cha kazi nyingi za mikono, sentimita 10 hivi chini ya kiwiko, nacho hupimwa kwa mwili wa mwenye kazi, si kwa mwili wa fundi seremala. Jiko la mkaa nalo liinuliwe juu ya jukwaa la matofali lisilotikisika. Ama mbuzi ya nazi, mwenye kukuna asikae upembeni akajipinda, bali akikalie kiti kizima, magoti yametengana, nazi imekaribia tumbo, na akiinama ainame kwa nyonga. Na nazi zikiwa nyingi, kama zinavyokuwa siku za arusi na hitima, zigawanywe kwa wengi, kila mtu akikuna chache na kuinuka. Mwenye kujenga nyumba, kabla hajachagua rangi za sebule, amwite yule atakayepika ndani yake, amsimamishe, ampime kimo cha kiwiko, ndipo ajenge jiko. Ni jambo la nusu saa, na faida yake ni ya maisha mazima. Nami naona kwamba mume asiyelitenda, ilhali analijua, ana deni.

Nimesema kuinama kwa nyonga, na jambo hilo lataka maelezo, kwani wengi huinama kwa kiuno. Mwenye kuinama kwa kiuno huukunja mgongo wenyewe, makalio yakabaki pale pale. Mwenye kuinama kwa nyonga huyarudisha makalio nyuma, akalegeza magoti kidogo, na mgongo ukashuka mzima bila ya kukunjika. Waislamu wana mfano wa kitendo hicho katika sala zao, kwa maana katika rukuu iliyo sahihi mgongo hulazwa sawa na viganja hushika magoti, na yule aliyefundishwa vema na mwalimu wake chuoni tangu utotoni amekwisha kulijua jambo ambalo watabibu wa viungo huwafundisha wagonjwa wao kwa wiki kadhaa. Sisemi kwamba ibada iliwekwa kwa ajili ya kiuno, hasha. Nasema tu kwamba mwili unaolijua tendo hilo msikitini waweza kulitenda pia kisimani. Asiyezoea na asimame mbele ya kiti, ashike ufito mrefu mgongoni uguse kisogo, kifua na kifandugu, kisha ainame taratibu bila ya kuuacha ufito utengane na sehemu hizo tatu.

Katika kunyanyua, kanuni ya kwanza ni ukaribu. Ndoo ya lita 20, ambayo ikijaa ina uzito wa kilo 20 na zaidi, ikinyanyuliwa kwa mikono iliyonyoshwa mbele huuelemea mgongo mara nyingi kuliko ikinyanyuliwa karibu na mwili, kwa hiyo mtu asogee, atanue miguu, ashuke kwa magoti na nyonga, aukumbatie mzigo, kisha ainuke kwa nguvu za mapaja. Kanuni ya pili ni kutojipinda: anayetaka kuuweka mzigo ubavuni ageuze miguu kwanza, kwani kuinama na kujipinda kwa pamoja, mzigo ukiwa mkononi, ndiko kunakowaangusha hata vijana wenye nguvu. Maji yakiwezekana kugawanywa katika ndoo mbili ndogo, mkono huu na mkono huu, yagawanywe.

Lakini iko mizigo ambayo hakuna namna njema ya kuinyanyua, na hapa nasaha haimwelekei tena mchukuzi, humwelekea mwenye mali. Katika masoko yetu gunia la mahindi la kilo 90 au 100 hupandishwa mgongoni mwa mtu mmoja, na lile la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu ya mdomo wake, hupita kiasi hicho. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 mkataba juu ya uzito wa mzigo abebao mtu mmoja, na pendekezo lililoambatana nao lilitaka mzigo wa mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55. Kenya imeweka kanuni kwamba viazi vifungwe katika magunia yasiyozidi kilo 50, na mwenye kuifuata kanuni hiyo hampi hisani mkulima peke yake katika bei, bali humhifadhi na hamali ambaye jina lake halimo katika hesabu. Mfanyabiashara asomaye maneno haya namwomba kwa dhati afunge magunia madogo, na anunue rikwama. Sheria imekwisha kuokoa migongo mahali pengine: katika jimbo la California, Marekani, jembe la mpini mfupi, lililowalazimisha vibarua wa mashamba ya saladi na beti kukunjika kutwa nzima, lilipigwa marufuku mwaka 1975, na mashamba yakaendelea kulimwa kwa majembe marefu. Wapaliliaji wetu nao wanastahili mpini unaolingana na kimo chao.

Ama kubeba kichwani, ambako wageni hukustaajabia, kumechunguzwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake akina Norman Heglund walitoa katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba kwa mkanda unaopita juu ya kipaji, wakaona kwamba wanawake hao waliweza kuchukua mzigo wa kadiri ya asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila ya kutumia nguvu za ziada katika kutembea. Ni jambo la kuheshimiwa. Walakini wachunguzi waliofuata huko Afrika Kusini hawakuona wepesi huo kwa kila mbebaji. Na wepesi wa pumzi si salama ya shingo, kwani pingili za shingo za wachukuzi wa siku zote huchakaa mapema. Basi mwenye kilo 60 ajue kwamba asilimia 20 ni kilo 12, na ndoo ya lita 20 imezidi mpaka huo. Mwenye kubeba kichwani na aweke ngata nene, asaidiwe kutwikwa na kutuliwa, asigeuze shingo akiitwa, na ambaye shingo yake inauma au mikono yake inakufa ganzi aache kabisa.

Mtoto naye ni mzigo, ijapokuwa ni mzigo upendwao. Mbeleko ifungwe juu na imkaze mtoto karibu na mwili wa mamaye, maana ikishuka mpaka makalioni humvuta mama kwa nyuma na kumbenua kiuno. Na mtoto aliyekwisha kujua kutembea asibebwe nyongani upande mmoja siku zote. Mkaja unaofungwa baada ya kuzaa humpa mzazi faraja na kulishika tumbo lililolegea, lakini hauipi misuli nguvu, kwa hiyo mzazi, akisha kupata idhini ya mkunga, aanze kutembea na kulifanyia mazoezi mepesi tumbo lake na nyonga zake.

Tuje kwa wale wakaao. Katika miaka ya 1960 tabibu wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima kwa sindano mgandamizo ulio ndani ya gegedu za kiuno za watu walio hai, akaona kwamba kuketi hugandamiza zaidi kuliko kusimama, na kuketi kwa kuinama mbele huzidi. Na ingawa waliopima tena baadaye waliona tofauti ya kuketi na kusimama kuwa ndogo kuliko aliyoiona yeye, habari ya kuinama mbele imethibiti. Karani, mwanafunzi, fundi cherehani na dereva wayachukue hayo kama yaliyosemwa kwao. Makalio yafike mwisho wa kiti, kiuno kiegemee, na ikiwa mgongo wa kiti una uwazi pakunjwe kitambaa au kanga hapo ipate kulijaza tao la kiuno. Nyayo zote mbili zifike chini, na zisipofika ziwekewe kibao. Fundi ainue meza ya cherehani au ashushe kiti mpaka aione sindano bila ya kulala juu yake, na taa aisogeze karibu, kwa maana wengi wanaojikunja hujikunja kwa kukosa mwanga, na wengine kwa kukosa miwani. Dereva asogeze kiti mpaka mguu ukanyage breki bila ya kiuno kuondoka kitini, na asiweke pochi nene katika mfuko wa nyuma, kwani huinua nyonga moja safari nzima. Kisha wote hao, kila baada ya nusu saa au inapokaribia saa nzima, wainuke. Si lazima kuinuka huko kuwe kwa dakika nyingi: akachukue maji, akasimame mlangoni, apokee simu akitembea.

Na simu yenyewe, ambayo siku hizi ndiyo inayoinamisha shingo nyingi kuliko vitabu vyote vilivyopata kuandikwa, haitaki kanuni mpya. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na kwa hesabu aliyoitoa mwaka 2014 Kenneth Hansraj, tabibu mpasuaji wa uti wa mgongo wa New York, kichwa kilichoinamishwa kwa nyuzi 60 huielemea shingo kwa kadiri ya kilo 27. Hiyo ni hesabu ya kukadiria, haikupimwa ndani ya shingo za watu, lakini yatosha kutuzindua. Wazee wetu walipotaka mtoto asome mas-haf kwa muda mrefu akiwa amekaa mkekani, walikiweka kitabu juu ya marufaa, kikamwinukia msomaji. Simu nayo iinuliwe mpaka mbele ya kifua cha juu, viwiko vikiegemezwa mezani au juu ya mto. Kompyuta nayo iwekwe juu ya vitabu mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho. Wazazi wawafundishe watoto jambo hili kwa kulitenda wenyewe. Aidha mkoba wa shule usizidi sehemu ya kumi, au kidogo zaidi, ya uzito wa mtoto, na uvaliwe mabegani kote kuwili. Wala mtoto mwenye kuinama asiitwe kibiongo mbele ya wenzake, kwani aibu humfanya ajikunje zaidi, na huenda uti wake una upinde wa kimaumbile unaotaka tabibu.

Juu ya kulala sina mengi. Godoro lisiwe laini hata mwili ukazama, wala si lazima liwe gumu kama sakafu; la sufi lililofanya mabonde litolewe sufi yake ichambuliwe na kujazwa upya, na kitanda cha kamba kilicholegea kikazwe. Alalaye ubavu aweke mto baina ya magoti, alalaye chali auweke chini ya magoti, na mto wa kichwa ujaze nafasi baina ya bega na shingo bila ya kuipindua.

Mazoezi ya kuuhifadhi mwili ni machache, na yaliyo machache ndiyo yanayodumu. Kutembea kwa miguu, mikono ikipunga, ndilo la kwanza. Na aliye karibu na bahari akaogelea amepata bora kuliko hilo. Asubuhi mtu alale chali, akunje magoti, ainue makalio mpaka mapaja na kifua viwe mstari mmoja, ahesabu mpaka kumi, ayashushe, na kurudia kwa kadiri ya uwezo wake. Akiwa amekaa, akirudishe kidevu nyuma bila ya kukiinua, na kuyavuta mabega nyuma na chini, kisha ayaachie. Akiwa mlangoni, aegemeze mikono yote miwili katika miimo na kusukuma kifua mbele, kwa maana vifua vya wengi wetu vimekazana kwa kazi za mbele. Wenye umri mkubwa wasijione wamepitwa. Lakini mzee ambaye kimo chake kinapungua na mgongo wake unatokeza huenda mifupa yake imekuwa dhaifu, na amwone tabibu kabla hajaanza kujinyosha.

Yakiisha kuingia maumivu ya kiuno, mtu asijilaze kitandani siku nyingi, kama ilivyokuwa wasia wa zamani. Na aendelee na shughuli zake nyepesi kwa kadiri anavyoweza, kwani aghalabu maumivu hayo hupungua sana katika muda wa wiki sita. Lakini ziko dalili zisizosubiri. Anayekufa ganzi baina ya mapaja, au anayeshindwa kuzuia au kutoa haja yake, au ambaye miguu yake inalegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana akicheleweshwa huenda asitembee tena. Aliyeanguka au kugongwa, akaumia mgongo, asiinuliwe ovyo wala asikandwe. Na yule ambaye maumivu yake ya mgongo hayaondoki kwa kupumzika, akawa na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, huenda ana kifua kikuu cha uti wa mgongo, maradhi ambayo tabibu wa Kiingereza Percivall Pott aliyaeleza mwaka 1779, wakati ambapo hayakuwa na dawa, na ambayo leo hupona kwa dawa zinywewazo kwa miezi mingi bila ya kukatiza. Nakusihi, ndugu msomaji, ukimjua mtu wa namna hiyo, awe mtoto au mzee, usimwache azunguke kwa wakandaji mpaka kigongo kitokeze. Mpeleke akapimwe; dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali za Tanzania na Kenya hutolewa bila ya malipo.